Kutoka Vulcan hadi West End: Siku Nane Nikifuata Mkono wa Spock

Nimerudi nyumbani Calgary wiki mbili zilizopita, na simulizi hii nimeiunga upya kutokana na daftari dogo, risiti nilizozihifadhi ndani ya bahasha, na picha zilizomo kwenye simu. Tangu utotoni Moshi, tulipokuwa tukijazana sebuleni kwa jirani mwenye deki kutazama kanda za Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya safari za angani, kilichonivuta hakikuwa vyombo vya anga wala silaha za mwanga, bali dini ya Wavulcan, watu wa ukoo wa Spock, mmoja wa wahusika wakuu. Hao ni watu wa sayari ya kubuni, mashuhuri kwa kutanguliza mantiki mbele ya hisia, lakini imani yao ukiichunguza utaona kuwa imesimama juu ya kitu kingine kabisa, nacho ni akili ya mtu mmoja kugusana na akili ya mwenzake. Mtoto wa Kivulcan huunganishwa na mchumba wake wakiwa na umri wa miaka saba, kwa kugusana vidole na uso hadi fikra za wawili hao zifungamane. Mtu anayekaribia kufa huikabidhi katra yake, yaani nafsi yake hai pamoja na yote aliyoyajua, kwa mtu aliye karibu, ili ifikishwe kwenye mlima mtakatifu wa Seleya. Katika yote hayo chombo cha ibada ni kimoja tu, nacho ni mkono.

Kwa hiyo niliamua kuufuata mkono huo mahali unapoigusa dunia yetu: mji wa Vulcan huku Alberta, miamba ya California iliyopigwa picha ikawa sayari ya Vulcan, na mtaa wa Boston ambako ishara ya vidole, ile salamu ya Wavulcan, ilianzia.

Siku ya kwanza: Calgary hadi Vulcan

Tuliondoka saa mbili asubuhi, mimi na binti wa kaka yangu mwenye umri wa miaka kumi na sita, ambaye amezaliwa huku lakini Kiswahili amenyonya pamoja na maziwa. Njia ni rahisi: Barabara Kuu namba 2 kuelekea kusini, kisha karibu na High River unashika namba 23 inayokwenda mashariki, na jumla ni kilomita 130 hivi. Milima ya Rocky inabaki mgongoni na kuzidi kufifia, na mbele yako hakuna tena kilima wala bonde. Ilikuwa Julai, na mashamba ya kanola yalikuwa yamechanua manjano tupu pande zote mbili za barabara, kiasi kwamba binti yangu alizima muziki, akakaa kimya akitazama.

Kilomita kama thelathini kabla ya kufika, tairi la nyuma lilitoboka. Tairi la akiba lilikuwepo, lakini nalo halikuwa na upepo wa kutosha. Hatukumaliza dakika kumi kabla mzee mmoja mkulima hajasimamisha pikapu yake, akateremsha pampu ya upepo na kisanduku cha kuzibia pancha, akafanya kazi yote bila kutuuliza lolote zaidi ya kama tuna maji ya kunywa. Pesa alikataa. Aliposikia kwamba tunakwenda kuiona sanamu ya Spock, aliunyoosha mkono wake uliojaa vumbi, akavitenga vidole viwili viwili na kukiacha cha gumba pembeni, pasipo kusita, kama mtu anayeitikia salamu aliyoizoea tangu utoto.

Tuliingia mjini saa tano. Vulcan ni mji mdogo wenye watu wasiofika elfu mbili, na jina lake halikutokana na tamthilia hata kidogo. Mpimaji wa reli ya Canadian Pacific ndiye aliyeuita hivyo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kumkumbuka mungu wa moto wa Warumi wa kale, na mitaa ya mwanzo nayo ilipewa majina ya miungu. Kwa muda mrefu sifa yake ilikuwa ngano: maghala tisa marefu ya nafaka yalisimama kwa mstari mmoja kando ya reli. Tamthilia ilipoanza kurushwa mwaka 1966, mji ulikuwa umeishi na jina hilo zaidi ya miaka hamsini. Wenyeji walikuja kuupokea undugu huo baadaye, na mwaka 1995 wakasimamisha mfano wa chombo cha anga wenye urefu wa mita tisa hivi pale unapoingilia mjini. Chini yake kuna vibao vyenye maneno ya kumkaribisha mgeni katika Kiingereza, Kivulcan na Kiklingoni, lugha ya watu wengine wa tamthilia hiyo. Binti yangu alisimama mbele ya kibao cha Kivulcan akijaribu kutamka, huku ameweka kidole juu ya herufi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwa atakayekuja baadaye: usitegemee basi, njoo na gari, na ulikague tairi la akiba kabla ya kuondoka. Jaza mafuta kabla ya kuiacha namba 2. Petroli ya kwenda na kurudi ilinigharimu dola 38 za Kanada, na chumba cha kulala watu wawili dola 115. Jengo la kupokea watalii, lililojengwa kwa umbo la chombo cha anga na kufunguliwa mwaka 1998, hubadilisha saa zake kulingana na majira, kwa hiyo piga simu kwanza.

Siku ya pili: Sanamu na maswali

Asubuhi tulikwenda kwenye sanamu kabla jua halijawa kali. Ni kichwa na mabega ya Spock kwa shaba nyeusi, na karibu yake imehifadhiwa alama ya kiganja cha Leonard Nimoy, mwigizaji aliyemwigiza, ambaye alifika hapa mwenyewe Aprili 2010. Niliupima mkono wangu juu ya alama ile. Shaba ilikuwa bado baridi ya usiku, na nafasi kati ya kidole cha kati na cha pete imelainika na kung'aa kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa kila anayepita huingiza vidole vyake hapo.

Tulikaa kwenye benchi, nikamsimulia binti yangu jinsi ishara hii ilivyozaliwa kwenye runinga. Sehemu ya tamthilia inayoitwa "Amok Time", iliyorushwa Septemba 15, 1967, ndiyo iliyoipeleka kamera kwa mara ya kwanza kwenye sayari ya Vulcan. Spock anarudi kwao kwa sababu muda wa kuoa umefika, na fungamano lililowekwa ndani yake utotoni linamvuta kwa nguvu ambayo asipoitii atakufa. Huko anamkuta bibi mkuu T'Pau, aliyebebwa kwenye kiti huku kengele zikilia, na Nimoy akaona kwamba watu wenye ibada nzito kiasi hicho lazima wawe na salamu yao. Celia Lovsky, aliyemwigiza T'Pau, vidole vyake havikukubali kutengana, ikabidi avipange kwa mkono wa pili nje ya upeo wa kamera ndipo auinue.

Binti yangu alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote sikulipa uzito unaostahili.

"Shangazi, yule daktari aliyewekewa roho ya Spock, aliulizwa kwanza?"

Hakuulizwa. Katika sinema ya 1982 Spock anamgusa Daktari McCoy usoni, anamwambia akumbuke, kisha anakwenda kufa, na McCoy hajui amebeba nini hadi sinema ya 1984, ambayo Nimoy mwenyewe aliiongoza, pale anapoanza kuzungumza kwa sauti isiyo yake na watu kumdhania amerukwa na akili. Nilimjibu kwamba hapo dini ya Wavulcan ina jeraha, na kwamba waandishi wa baadaye waliliona. Katika Star Trek: Enterprise, kwenye sehemu moja ya mwaka 2002, mwanamke wa Kivulcan analazimishwa kuunganishwa akili baada ya kusema basi, na tamthilia inalionyesha tendo hilo kuwa ni uvamizi, bila kulipaka rangi. Fungamano linapokuwa sakramenti, kulilazimisha kunakuwa kufuru. Lakini nilimwambia pia jambo la pili, kwamba mwishoni, mbele ya kuhani wa kike kwenye mlima Seleya, McCoy anaulizwa kwa jina lake kama yuko tayari kuhatarisha uhai wake ili katra irudishwe kwa mwenyewe, naye anakubali. Baba yake Spock alikuwa amekuja kuidai kama mtu anavyodai amana aliyoiacha marehemu. Kwetu Kiswahili kina neno hilo tayari, na sijaona linalofaa zaidi kuitafsiri katra: ni amana, na amana haimwachi aliyeipokea alale usingizi hadi aifikishe.

Ndani ya jengo la watalii kuna sare za kuvaa na kupigia picha. Binti yangu alichagua nyekundu, ya Uhura, afisa mweusi wa kike katika tamthilia ya mwanzo, akauliza kama jina hilo ni uhuru lililokosewa. Halikukosewa bila sababu, kwani lilitolewa kwa makusudi kwenye neno letu, likabadilishwa irabu ya mwisho. Nichelle Nichols, aliyemwigiza hadi kizazi kizima cha wasichana weusi kikajiona angani, alisimulia mara nyingi kwamba alifika kwenye usaili akiwa na kitabu chenye neno hilo kwenye jalada. Na lipo jambo linalonigusa zaidi. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kiumbe chenye uwezo wa kuingia katika mawazo ya watu kinamtokea Uhura kikiwa na umbo la mwanamume anayemfaa, kisha kinamsemesha Kiswahili. Maana yake ni kwamba waliokitunga walipojiuliza ni nini kinakaa chini kabisa ya moyo wa binti huyu, jibu lao lilikuwa lugha ya mama.

Chakula cha mchana kilikuwa pierogi, vile vitumbua vya unga wa ngano vilivyojazwa viazi na jibini, vilivyoletwa Alberta na wahamiaji wa Ukraine. Sahani moja ilitutosha wawili kwa dola 14. Wazazi wa Nimoy nao walikuwa wahamiaji kutoka Ukraine, na huenda vitumbua vya namna hii havikuwa vigeni mezani kwao. Tulirudi Calgary jioni bila tatizo.

Siku ya tatu nilifua, nikafungasha, nikalala.

Siku ya nne: Calgary hadi Los Angeles

Hapa binti yangu alibaki, kwa kuwa tiketi mbili zingenishinda. Niwaambie wenzangu wenye pasi ya Tanzania: ukaazi wa kudumu wa Kanada haukuondolei sharti la viza ya Marekani, na miadi ya ubalozini huchukua miezi, hivyo anza mapema kuliko unavyodhani. Jambo jingine ni kwamba ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani hufanyika palepale uwanja wa Calgary kabla hujapanda ndege. Fika saa tatu kabla ya safari. Mimi nilifika saa mbili kabla, nikaingia ndani ya ndege nikiwa mtu wa mwisho, nikihema.

Los Angeles nilikwama kwenye dawati la kukodi gari kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa sababu kampuni ilikataa kupokea dhamana kwa kadi ya benki ya kawaida ingawa barua yao ilisema wangepokea. Binamu yangu anayeishi huko alikuja kuniwekea kadi yake. Nyumbani kwake wifi yangu alikuwa ameacha mtori jikoni, mzito wenye nyama ya mfupa, naye akanipakulia mara ya pili kabla sijamaliza bakuli la kwanza.

"Wifi, kula kwanza, hayo mawe hayaendi popote," alisema.

Siku ya tano: Miamba ya Vasquez

Niliondoka alfajiri. Miamba iko Agua Dulce, kiasi cha kilomita 65 kaskazini mwa katikati ya jiji, unapoifuata Barabara Kuu namba 14. Kuingia ni bure, na ni bustani ya kaunti. Ilipotimu saa nne asubuhi joto lilikuwa tayari limepanda hadi nyuzi 34, na sikuona kivuli ila kile cha miamba yenyewe.

Ukiiona mara ya kwanza unaelewa kwa nini wapiga picha hawakuhitaji kujenga chochote. Matabaka ya mchanga uliogeuka jiwe yamebinuliwa na mitetemo ya ardhi hadi yamesimama kwa mshazari, kama sitaha ya meli inayozama kwa mkia, na ncha zake zinachoma anga. Watu wa Tataviam waliishi hapa kabla ya wageni wote. Jina la sasa limetokana na Tiburcio Vásquez, jambazi aliyejificha katika mapango haya mwaka 1874 akikimbia askari. Tamthilia ya mwanzo ilikuja hapa mara kadhaa, na kwenye sinema ya 2009 mawe haya ndiyo Vulcan.

Nilipanda mwamba mkubwa kwa nusu saa, kwa mikono na magoti. Jiwe linakwaruza kama tupa, na ukilisugua kwa kiganja, punje nyekundu hubaki kwenye mistari ya mkono. Nilipofika karibu na kilele, kisigino kiliteleza, nikachubuka goti, na chupa yangu ya maji ikabingirika hadi chini. Familia moja iliyokuwa imeketi kivulini, bibi, wazazi na watoto watatu waliokuwa wakizungumza Kihispania, ilinishusha kwa uangalifu. Bibi alinifunga kitambaa kilichoroweshwa maji shingoni, akanikatia tikiti maji lililonyunyiziwa pilipili na chumvi. Hatukuelewana lugha. Aliniwekea mkono juu ya paji la uso kupima joto, akautuliza hapo kwa muda, akatikisa kichwa kwamba nimepoa.

Nilikaa nao kivulini karibu saa nzima, na daftari langu la siku hiyo limejaa kurasa nne. Niliandika kuhusu sehemu ya mwaka 1968 ambamo chombo chenye mabaharia mia nne, wote Wavulcan, kinaangamia mbali sana, na Spock akiwa kwenye kiti chake anajishika ghafla kama mtu aliyechomwa, kwa kuwa amewahisi wakifa. Wenzake wanaona ajabu. Naye anamjibu daktari kwamba wanadamu ni wepesi wa kukielewa kifo cha mmoja kuliko kifo cha milioni. Sijui mahali pengine katika tamthilia yoyote ambapo imani ya watu wa kubuni imetushtaki waziwazi namna hiyo. Dini hiyo haiahidi pepo. Inachomwahidi mwumini ni kwamba hatakufa bila mwenzake kujua, na inachomdai ni kwamba asijifanye hakuhisi.

Niliandika vilevile kwamba uzuri wa imani hii ni kuwa na historia, pamoja na aibu zake. Katika sehemu tatu za Enterprise za mwaka 2004 tunafahamu kwamba kulikuwa na zama ambapo kuunganisha akili kulidharauliwa hukohuko Vulcan, walioweza kufanya hivyo wakifichwa na kuonekana wagonjwa, na kikundi cha waliofukuzwa kikienda jangwani kuitunza katra ya Surak, mwalimu aliyewaletea watu wake amani karne nyingi kabla. Katra hiyo inaishia ndani ya nahodha wa kibinadamu, mgeni asiyeamini lolote, na ni kwa kupitia kwake mafundisho ya kweli yanarudishwa mjini. Kwa hiyo kile ambacho sisi tulikiona tangu 1966 kama desturi kongwe ya Wavulcan wote, kilikuwa kimeokolewa na wachache waliodharauliwa. Mtu aliyesoma historia ya kanisa lolote hawezi kuusoma mpangilio huo bila kuitambua sura yake.

Kwa watakaokwenda: beba lita tatu za maji kwa kila mtu na uzitie mgongoni, usizishike mkononi. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza. Nyoka wenye kengele mkiani wapo, hivyo usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani. Ondoka kabla ya saa sita mchana.

Siku ya sita ilikuwa ndege hadi Boston, saa tano na nusu, kiti cha katikati.

Siku ya saba: Boston

Basi la Silver Line kutoka uwanja wa Logan kuingia mjini ni bure, na ukiunganisha treni ya chini ya ardhi ya Red Line pale South Station hulipi tena. Nilishuka kituo cha Charles/MGH, nikapanda kilima cha Beacon kwa miguu kwenye vijia vya matofali.

Nimoy alizaliwa mwaka 1931 katika mtaa wa West End, chini tu ya kilima hiki, na baba yake alikuwa kinyozi. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa sinagogi wakati wa sikukuu, akakaa na babu yake, baba yake na kaka yake. Wanaume kadhaa wa ukoo wa makuhani wakasimama mbele, wakajifunika shali za sala kichwani, wakanyoosha mikono na kuanza kubariki kwa kelele za kuimba. Baba yake akamwambia asitazame. Mtoto akachungulia. Aliiona mikono ikitoka chini ya shali, vidole vikiwa vimetengana viwili viwili, umbo la herufi ya Kiebrania shin, mwanzo wa jina Shaddai, mojawapo ya majina ya Mungu. Kwa nini wasitazame hakuelewa hadi baadaye, alipofahamu kwamba katika baraka hiyo uwepo wa Mungu huaminika kushuka, na mwanadamu hawezi kuustahimili kwa macho. Miaka ishirini na minane baadaye, akiwa kwenye seti ya Vulcan, ndiyo ishara iliyomjia.

Niliingia Vilna Shul, mtaa wa Phillips, sinagogi lililojengwa mwaka 1919 na wahamiaji kutoka Vilnius. Siku hizi ni kituo cha utamaduni wa Kiyahudi, na saa za kufunguliwa ni chache, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda kilima. Mwanga unaingia kwa madirisha ya darini na kuanguka juu ya mabenchi marefu ya mbao nyeusi. Mama mzee anayejitolea kuwapokea wageni aliniambia niketi popote, kisha akaniuliza kama najua nimekalia nini. Mabenchi haya, alisema, yalitoka katika jengo la kanisa la Twelfth Baptist mtaa huuhuu, kanisa la Wamarekani weusi lililowaficha na kuwasaidia watu waliotoroka utumwa. Waumini wa Vilna walilinunua jengo lile kwanza, na walipolazimika kuhama wakabeba mabenchi. Umbali wa mitaa michache iko nyumba ya ibada ya African Meeting House ya mwaka 1806, ambayo nayo iliwahi kuwa sinagogi kwa miongo mingi kabla ya kurudi mikononi mwa makumbusho ya Wamarekani weusi. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Umelainika kama mpini wa jembe la zamani.

Nilimwomba mama yule anitamkie maneno ya baraka. Alinionyesha kwanza mahali yalipo katika Torati, kitabu cha Hesabu sura ya sita, kisha akayasoma polepole kwa Kiebrania, mistari mitatu. Nikafungua Biblia kwenye simu yangu. Bwana akubarikie, na kukulinda. Hapo nililazimika kunyamaza. Ni maneno niliyoyasikia kila Jumapili ya utoto wangu kanisani Moshi, mchungaji akiwa ameinua mikono, nasi tumeinamisha vichwa, na baba yangu, mzee wa kanisa, akinigusa bega nikithubutu kuinua macho. Nimekuwa nikiitafuta dini ya Wavulcan kama kitu cha mbali, cha sayari nyingine, na ishara yake ilikuwa ikitolewa juu ya kichwa changu kabla sijajua kusoma. Mama yule alinipa kikombe cha chai na hakuniharakisha, ingawa saa ya kufunga ilikuwa imepita.

Siku ya nane: West End

Asubuhi nilitembea hadi West End, au pale ulipokuwa. Jiji liliubomoa karibu mtaa wote mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la kuuboresha, na maelfu ya familia zikatawanyika. Kwenye Lomasney Way limebaki jengo moja la matofali la wapangaji, limesimama peke yake, watu huliita la mwisho. Nilikaa ng'ambo ya barabara na mkate wa bagel wa dola nne, nikampigia baba simu ya video. Huko ilikuwa jioni, na nyuma yake niliona migomba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika huko kwa makuhani?"

Nilimsimulia kila kitu, kwanza jengo, kisha mabenchi, kisha mkono. Akaniambia nimwonyeshe. Niliuinua mbele ya simu. Baba ana umri wa miaka themanini na mmoja, na viungo vyake vya vidole vimevimba. Aliuinua wake wa kuume, vidole vikakataa, vikabaki vimeshikana. Akaleta mkono wa kushoto, akavitenga kimoja kimoja kwa subira, akiuliza gumba likae wapi, hadi vikakaa sawasawa. Kisha, bila mimi kumwomba, akasogeza mkono karibu kabisa na kioo cha simu hadi nikaona mistari ya kiganja chake tu, akaanza: "Bwana akubarikie, na kukulinda." Nikainamisha kichwa palepale barabarani, na sikutazama hadi alipomaliza.